Mume wangu anataka kisima, mimi nataka bomba

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Elisha ana miaka minne, na mdogo wake wa kike ana miezi mitano, bado ananyonya. Tumepanga Sakina hapa mjini Arusha, lakini mwezi huu wa tisa tumemaliza kuezeka nyumba yetu huko Arumeru, mbele kidogo ya Usa River ukielekea Maji ya Chai. Tunataka kuhamia kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kiwanja ni nusu eka, umeme umefika, maji hayapo. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mume wangu ni dereva wa lori. Anasema tuchimbe kisima. Amekuja mtu na mashine yake ya kupimia, akasema maji yako mita 90 chini, na kila mita wanachimba kwa shilingi 110,000. Hiyo ni 9,900,000 kabla hujanunua pampu wala tanki. Hela ipo, tuliuza kashamba ketu ka Kisongo. Mume wangu anasema ukishachimba umemaliza: huna bili, huna mgao, humpigii mtu simu.

Mimi nataka bomba. Bomba la mradi wa kijiji linapita barabarani, kama mita 400 kutoka kwetu. Watu wa jumuiya ya maji wamesema mtaro na bomba ni juu yetu, na fundi ametupigia hesabu ya 1,300,000 pamoja na mita ya kusomea maji. Shida ni mgao. Maji yanatoka Jumanne na Ijumaa tu, na kiangazi hiki kuna wiki yametoka siku moja. Mama mkwe, ambaye tutaishi naye, yuko upande wa mwanawe. Anasema bomba la huku ni la kulifungia saumu.

Jirani yetu wa upande wa juu ana kisima cha mita 80 hivi. Maji yake nimeyanywa: baridi, meupe, hayana hata chembe ya chumvi. Watoto wake wana meno ya rangi rangi, nilimuuliza akasema ni ya ukoo. Juzi tulipokwenda kuwaangalia mafundi, mama mkwe alipika makande kwa maji hayo, akatia magadi kidogo, yakaiva upesi na watu wote wakala. Mume wangu akaniambia, unaona, maji kama haya unataka nini tena?

Mjomba, nakosea kung'ang'ania bomba? Naomba unishauri kabla hajalipa ile hela.

Mama Elisha, Arumeru

*

Marahaba binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama palepale, kwenye meno ya watoto wa jirani. Umeyataja kwa kupita, katikati ya sifa za maji yake. Mimi nakuomba tuanze na hayo, kisha ndiyo tuje kwenye mita 90 na mita 400.

Meno ya rangi rangi ni jambo ambalo watu wa Arumeru wamelizoea mpaka wanalisema kama wanavyosema urefu au weupe wa mtu: ni ya ukoo, ni ya huku kwetu. Sijawaona watoto hao, lakini kwa sehemu unayoitaja, kitu cha kwanza cha kushuku ni floraidi iliyomo kwenye maji. Ardhi yote ya kuzunguka Mlima Meru ni mawe na majivu ya volkano, na ndani yake kuna madini hayo. Mvua inaponyesha, maji huzama, yakakaa chini na kuyayeyusha polepole. Ndiyo maana chemchemi za juu mlimani kwa kawaida zina floraidi ndogo, na kadiri maji yanavyotembea chini ya ardhi kwenda tambarare ndivyo kiwango kinavyopanda. Nimesema kwa kawaida, kwa sababu visima viwili vilivyotenganishwa na uzio vinaweza kupishana kabisa. Jirani mmoja akapata 1, mwingine akapata 6.

Nikisema 1 au 6 nina maana ya miligramu katika lita moja. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi 1.5. Sisi Tanzania mwaka 1974 tuliruhusu mpaka 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa sehemu nyingi hazikuwa na maji mengine. Baadaye tukashuka 4, na sasa kiwango chetu nacho ni 1.5. Kwa hiyo ukimsikia mzee anasema "sisi tumekunywa haya miaka yote na serikali ilijua", hasemi uongo. Ilijua, na ilivumilia. Waliolipa kwa uvumilivu huo ni watoto wa wakati ule, ambao leo ni watu wazima.

Meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi tangu mtoto akiwa mchanga mpaka anapofika kama miaka minane. Akinywa floraidi nyingi katika miaka hiyo, jino litaota likiwa na madoa meupe kama chaki, au kahawia, na floraidi ikizidi sana litakuwa na vishimo. Mswaki hauyatoi, maana hayajapakwa kwa juu, yamo ndani ya jino lenyewe. Na maji yakiwa ya 4 kwenda juu, yakanywewa miaka mingi, huingia mpaka kwenye mifupa: mgongo mgumu, magoti yasiyokunjika, na watoto wengine miguu hupinda. Elisha ana miaka minne. Dada yake ana miezi mitano. Hakuna nyumba ambayo swali hili lingekuwa na haraka kuliko yako.

Usiku usikose usingizi kwa ajili ya huyo mdogo. Maziwa ya mama hupitisha floraidi kidogo sana, hata mama akiwa anakunywa maji yenye nyingi. Hatari yake inaanza siku utakapomkorogea uji, na siku hiyo ni mwezi ujao.

Sasa nikueleze kwa nini nasisitiza namna hii. Nilifanya kazi ya ufundi sanifu wa maji mkoani Arusha miaka 27. Kulikuwa na kijiji kimoja cha Arumeru, watu walichanga miaka mitatu, wakauza mpaka mbuzi, wakachimba mita 94. Siku maji yalipotoka tulikuwa tumelowa sote. Bibi mmoja alichukua glasi, akaisuuza, akaijaza na kuiinua juani, akasema, "Tazameni, naviona vidole vyangu." Kweli vilionekana, mpaka kucha. Wiki mbili baadaye jibu la maabara likarudi, limeandikwa 7.2, na mimi ndiye niliyepewa karatasi ile nikaipeleke kwa mwenyekiti. Aliisoma, akaniuliza kama kuna dawa ya kumwaga kisimani. Nikamwambia hakuna. Akaikunja, akaitia mfukoni, na hela ya kuchimba mahali pengine haikuwepo. Waliendelea kuyanywa. Leo nikipita pale, vijana wa rika lile wakicheka, mkono unakwenda mdomoni.

Ndiyo sababu baridi, weupe na utamu wa maji ya jirani havinipi jibu lolote. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya kwetu haina ladha. Hata jina la Maji ya Chai limetoka kwenye rangi ya maji ya ule mto, si kwenye floraidi yake. Usije ukadhani maji yakiwa meupe yamepona. Na kuchemsha hakusaidii hata kidogo. Kuchemsha kunaua vijidudu, ila floraidi inabaki sufuriani wakati mvuke unapanda. Ukitia lita 5 za maji yenye 4, zikachemka mpaka zikabaki lita 4, umetengeneza maji yenye 5. Vidonge vya klorini navyo haviigusi.

Kwa hiyo kabla mume wako hajalipa shilingi moja, chukua chupa. Mmebahatika kwa kitu kimoja: jirani ameshachimba, na kisima chake ndicho kipimo chenu cha bei rahisi kuliko vyote. Mwombe akuruhusu. Tumia chupa safi ya plastiki ya lita moja, usitumie ya kioo, maana kioo hubadilisha kipimo cha floraidi. Acha pampu yake itiririke kama dakika kumi ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke, suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo, kisha ijaze na uandike mahali na tarehe. Ipeleke kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji pale Arusha mjini. Ngurdoto nako, hapo karibu na kwenu, kuna kituo cha wizara cha utafiti wa kuondoa floraidi. Wale watu wameishi na jambo hili kuliko mtu yeyote, na maswali yako hayatawashangaza. Waambie wapime floraidi, chumvi na pH, yaani kama maji yana uchachu au umagadi. Kipimo cha vijidudu kina chupa yake maalumu ambayo utapewa na maabara yenyewe, na inatakiwa irudi ikiwa ya baridi, siku hiyohiyo.

Nenda sasa, mwezi wa tisa huu au wa kumi. Vuli ikishaanza, maji ya visima vingine huchanganyika na ya mvua na tarakimu ikashuka, ukaona 2 mahali ambapo kiangazi ni 4.

Na siku hiyohiyo jaza chupa ya pili kutoka kwenye kilula, yaani bomba la kuchotea watu wote, kilicho karibu cha ule mradi wa kijiji. Hapa nakuambia wewe unayetaka bomba: bomba si cheti. Maji ya bomba ni maji ya mahali fulani yaliyowekwa ndani ya plastiki. Kama chanzo chao ni chemchemi ya juu Meru, huenda yakawa mazuri sana. Kama ni kisima kirefu cha hukohuko chini, yanaweza kuwa sawa na ya jirani. Jumuiya za watumia maji vijijini ziko chini ya RUWASA, wakala uliotokana na sheria ya maji ya mwaka 2019, kwa hiyo una mahali pa kuuliza. Nenda ofisini kwa heshima, uulize mambo mawili: chanzo ni kipi, na floraidi mara ya mwisho ilikuwa ngapi. Mtu anayekuuzia maji kwa yuniti anapaswa kukujibu. Akikosa jibu, chupa yako italeta.

Sasa nije kwenye kile ambacho nadhani kitawapatanisha. Ninyi wawili mnabishana kana kwamba nyumba inahitaji aina moja ya maji. Hesabu maji yenu kwa siku. Kuoga, kufua, choo, kuosha vyombo, kuku, mboga: hayo ndiyo mengi, na floraidi ya kwenye beseni la nguo haimdhuru mtu. Maji yanayoingia mdomoni, ya kunywa na ya kupikia, ni machache. Kwa watu wazima watatu na watoto wawili, weka lita 25 kwa siku, na hapo umekadiria kwa mkono uliofunguka. Madumu ya lita 20, moja na robo. Hayo ndiyo ya kupigania.

Na hayo, binti yangu, yanapita juu ya bati lako bure. Maji ya mvua yana floraidi karibu na sufuri. Hukunieleza ukubwa wa nyumba, nichukulie paa lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 9, yaani mita za mraba 108. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Toa sehemu moja kwa tano inayomwagika na kupotea. Mvua ya jumla ya milimita 60 itakujazia simtanki la lita 5,000, na Aprili peke yake kwetu kwa kawaida huleta zaidi ya hizo. Lita 5,000 ukizigawa kwa 25 ni siku 200. Kutoka masika inapokata mpaka vuli inapoanza hakufiki siku 200.

Nyumba ndiyo kwanza imeezekwa, mafundi bado wapo, na vuli inabisha hodi. Zungusha gata sasa, usingoje kuhamia. Weka kipande cha bomba chenye mfuniko kabla ya tanki, ili maji ya kwanza ya msimu, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, yaishie hapo na ufungue uyamwage. Mdomo wa tanki uwe na wavu wa kuzuia mbu, na koki iwe juu kidogo ya kitako ili tope lisitoke nayo. Hayo ya mvua ndiyo ya kuchemsha, kwa sababu ya vijidudu. Na koki hiyo uiwekee kufuli kama itabidi, maana mgeni akiona maji karibu ataoshea gari.

Halafu vuta bomba. Ndiyo, hata kwa mgao wa Jumanne na Ijumaa. Tanki la pili la lita 3,000 likijazwa mara mbili kwa wiki linawatosha watu watano kwa kuoga na kufua, na wiki ile mbaya ya siku moja nayo mtaivuka. 1,300,000 za bomba, ukaongeza matanki mawili na gata, bado mtakuwa mbali sana na ile 9,900,000. Jibu la chupa ya kilula likirudi chini ya 1.5, basi bomba ni la kunywa pia, na tanki la mvua litakuwa akiba. Likirudi juu, bomba ni la mikono na mvua ni ya mdomo. Kwa vyovyote hela yenu haijapotea.

Kisima sikikatai. Mume wako anataka kitu ambacho kila mtu aliyebeba dumu utotoni anakitaka, kufungua koki yake bila kumwomba mtu, na wewe usimbeze kwa hilo. Ila mwambie mambo ambayo mtu wa mashine huenda hakumwambia. Mita 90 ni makadirio. Wakifika 90 pakavu wakaenda 120, mita hizo 30 ni zenu, na pakiwa pakavu kabisa, mikataba mingi inawadai mlipe mlichochimbiwa. Juu yake kuna kesingi, yaani bomba la kushikilia kuta za kisima, pampu ya kuzama, waya na bili ya umeme kila mwezi, kwa hiyo ile "huna bili" si kweli. Kisima kirefu cha mashine kinahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake iko Moshi, kwa sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009, na mchimbaji awe na leseni. Mwombe aoneshe, asisimulie. Shimo la choo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani na liwe upande wa chini. Na hata kwa bustani, subiri jibu la chumvi, kwa sababu maji mengi ya kwetu yana magadi ndani yake na mwaka wa pili au wa tatu udongo unaanza kuganda.

Kama chupa ya jirani itasema 1.2, nitakuwa wa kwanza kumpongeza mume wako, mchimbe, na mpime tena cha kwenu kabla ya kunywa. Ikisema 5, bado kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ile kazi ya Ngurdoto, na ni kazi nzuri. Lakini mkaa huchoka, na ukichoka maji hayabadiliki ladha. Bila kupima tena na tena, familia hunywa ikidhani imechuja. Kwa nyumba yenye watoto wadogo na bati jipya, mimi nachagua mvua.

Usipeleke chupa peke yako. Mpe yeye. Apite maabara kwenye safari zake, alipe yeye, na karatasi aisome yeye mwenyewe. Mwanamume aliyesoma tarakimu kwa macho yake habishani na mkewe tena. Na jibu la jirani usilifiche. Mpelekee, kwa upole, usiku, si mbele za watu. Ana watoto pale, na huenda wadogo bado wana meno ambayo hayajaota.

Limebaki la mama mkwe. Magadi anayotia kwenye makande, yale yanayochimbwa kwenye maziwa ya chumvi, nayo yana floraidi, mengine nyingi kuliko maji yenyewe. Kwa hiyo mtoto anaweza kunywa maji mazuri kutwa nzima, akaipata floraidi jioni kwenye sahani. Usimwambie "magadi ni sumu", utamvunjia heshima jikoni kwake. Jumamosi hii chukua mahindi yaliyokobolewa na maharage, uyaloweke kwenye sufuria kubwa usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, injika kwa mapya, na uwashe kuni mapema. Yataiva. Mwite aonje kabla hujamweleza kitu.

Mjomba